Swali la Tisa

Kola,
11 Machi 2001

Kwako Habon,

Sitaanza kwa kukuuliza afya. Tulikubaliana pale wadi ya kifua, Machakos, ule mwaka wa tisini na tisa, vitanda vyetu vikiwa vimepakana, kwamba tukitoka hakuna kati yetu atakayemuuliza mwenzake kifua kinasemaje. Wauguzi walituuliza vya kutosha. Kwa hivyo naenda moja kwa moja.

Kavata wa hapa kwetu, yule anayefagia sakafu hapo kiwanda cha nguo Athi River, ameniambia umeanza kazi tangu mwisho wa Februari. Nimefurahi. Hata mama, mwaitu wangu, alikuombea jana kabla ya kula, akakutaja jina, ingawa analitamka vibaya. Tangu ukame ummalizie baba yako ng'ombe nimekuwa nikijiuliza ni nani atawashikilia huko Kithyoko.

Lakini mimi sijaitwa. Siku ya mtihani wa kushona tulikuwa wanawake arobaini na wawili, na mimi nilimaliza wa kwanza. Yule mwalimu wa mashine kutoka Sri Lanka aliinua shati langu mbele ya watu wote, akasema kola za namna hiyo ndizo anataka. Ukaninong'oneza, mtu wa Kola asiposhona kola, nani ashone? Nilicheka mpaka nikaogopa watanitoa.

Kitu kinachonikosesha raha ni ile fomu. Swali la tisa: umewahi kuugua kifua kikuu, kifafa au ugonjwa wa akili? Niliandika ndiyo, kifua kikuu, nilimeza dawa miezi minane, nimepona. Nikaibana na barua ya daktari kwa pini. Nilidhani barua ya daktari itanisaidia.

Kama umesikia neno lolote huko ndani, niambie. Nashona sare za shule hapa nyumbani, lakini wazazi wenyewe wananunua sare mara moja kwa mwaka.

Mwenzako wa kitanda cha saba,
Mbinya


Athi River,
25 Machi 2001

Dada Mbinya,

Barua yako nimeipata Ijumaa nikitoka kazini. Mwambie mama nimeshukuru kwa dua. Jina langu alitamke apendavyo.

Afadhali nikwambie mwenyewe kuliko uambiwe na Kavata. Mimi kwenye swali la tisa niliandika hapana. Hata kwetu tuliandika hapana, kwa namna ya kusema. Miezi ile yote niliyolala wadini, mama aliwaambia majirani niko Garissa kwa shangazi. Sasa kuna mtu ameleta posa, Mahad, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa watu. Yeye pia anajua nilikuwa Garissa. Ningeandika ndiyo kwenye karatasi ambayo kila mtu wa ofisi anaisoma, ingefika Kithyoko kabla yangu.

Kazi ni ngumu. Niko laini ya nne, tunashona kola tu, asubuhi hadi jioni, na supavaiza anapita na saa mkononi. Kwenda msalani unaomba kadi. Kadi ni mbili kwa watu hamsini. Lakini ni kazi, alhamdulillahi, na mwisho wa mwezi natuma kitu nyumbani.

Kuhusu wewe, mimi naona nafasi zilijaa tu. Wamechukua wengi siku ile, na wengine wakaachwa bila sababu. Usije kuwauliza, Mbinya. Hawapendi watu wanaouliza. Ngoja, labda watakuita wakipata oda kubwa.

Ni mimi,
Habon


Kola,
20 Aprili 2001

Habon,

Nilikuja. Najua ulisema nisije.

Nilimpata Bwana Wesley mwenyewe, yule wa kuandika watu kazi. Nikamtajia jina langu. Karani wake akainama akamnong'oneza. Basi Bwana Wesley akasimama akafungua dirisha, na aliporudi kukaa akavuta kiti chake nyuma mpaka kikagusa ukuta.

"Nafasi zimejaa, mama," akasema.

"Getini kuna tangazo mnatafuta washonaji sitini."

"Hilo ni la zamani."

"Lina tarehe ya juzi."

Akamwangalia karani, karani akaangalia kalenda. Halafu akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Nenda nyumbani upumzike. Afya ni kitu cha kwanza."

Habon, mimi sikuwa nimetaja afya. Nilikuwa nimesimama pale na gauni langu la kanisani, nimepanda ngazi zote zile bila hata kuhema, na mtu ananiambia nikapumzike.

Nikitoka nilikutana na wanawake saba wanaingia kuchukua vitambaa vya kichwa vya kazi. Wametoka Kinanie, wameandikwa wiki hii. Mmoja aliniuliza kama mashine za huku ni za kukanyaga au za umeme.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama tulivyokuwa tukijibizana wadini. Siku ya mtihani, mimi nilipotoka ofisini wewe ndiye uliyeingia nyuma yangu. Fomu yangu ilikuwa bado mkononi mwa Bwana Wesley. Uliona nini? Alisema nini? Nimeamua kwenda ofisi ya kazi Machakos, na huko hawataki kusikia "nafikiri". Wanataka mtu aliyeona.

Mbinya


Athi River,
13 Mei 2001

Dada Mbinya,

Samahani nimechelewa. Tuna oda ya Amerika na tunafanya kazi hata Jumapili.

Sikuona kitu. Niliingia, nikatoa fomu, nikatoka. Bwana Wesley alikuwa akisoma karatasi, lakini karatasi gani mimi sijui. Ningejua ningekwambia.

Tafadhali usitume tena barua kiwandani. Zinafunguliwa. Tuma kwa duka la Abdiwahab karibu na stesheni, ataniwekea.

Vumbi la pamba la huku ni baya, linakaa kooni. Wote tunakohoa. Ndiyo sababu mwandiko wangu umekuwa hivi, naandika nimelala.

Habon


Kola,
2 Julai 2001

Habon,

Afisa wa kazi ni mzee mtaratibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Akaniambia, "Mama, unachosema naamini kimetokea. Lakini mwenye kiwanda atasema nafasi zilijaa, na wewe utasema hazikujaa, na mimi nitabaki katikati na faili." Akaniambia nilete shahidi.

Nilikuwa nimekaa nikuandikie maneno makali. Nilikuwa nimeyapanga tangu Machakos. Kwamba mtu hawezi kuingia chumba kidogo vile na asione kitu. Kwamba wadini ukiogopa sindano nilikushika mkono, na sasa mimi nakuomba sentensi mbili tu unaniambia habari za vumbi.

Lakini Kavata alipita hapa Jumamosi. Nilimuuliza habari zako, akasema, "Yule Msomali wenu amebaki macho." Akasema ukichukua kadi unaenda kukohoa msalani na bomba la maji umefungulia ili watu wasisikie. Anakusikia kwa sababu ni yeye anayeosha hapo.

Kwa hivyo yale makali nimeyaacha. Ile ahadi yetu naivunja leo: kifua kinasemaje? Unatoka jasho usiku? Nguo zinakulegea? Unakohoa zaidi ya wiki tatu? Unajua maswali yote, tuliyasikia pamoja. Na unajua jinsi ya kujua: unatema kwenye kile kikopo, unangoja majibu. Hospitali haitaki pesa kwa hili. Nenda, Habon. Kesi yangu iweke kando kabisa. Nenda tu.

Mbinya


Athi River,
19 Agosti 2001

Mbinya,

Mwambie Kavata afagie na aache kuhesabu watu wanaokohoa.

Kwenda hospitali ni lazima niombe ruhusa. Kuomba ruhusa ni lazima niseme sababu. Nikisema sababu, Bwana Wesley atatoa fomu yangu kwenye faili na kuona nilidanganya. Wewe ulisema kweli ukakosa kazi, basi ulitaka mimi nifanye nini? Harusi ni Desemba. Nimebakisha miezi mitatu na nusu. Mtu anaweza kuvumilia miezi mitatu na nusu.

Ni vumbi. Nimenunua dawa ya kifua dukani na imesaidia.

Usiniandikie tena mpaka mimi nikuandikie.

H.


Kithyoko,
30 Septemba 2001

Kwa Bi Mbinya,

Mimi ni Kahin, kaka yake Habon. Hatujaonana. Nimepata anwani yako kwenye barua zilizokuwa chini ya godoro lake.

Tarehe kumi na saba mwezi huu alianguka kwenye mashine na damu ikamtoka mdomoni, ikamwagika kwenye mashati. Walimtoa nje ya geti wakamkalisha chini, wakatuma mtu kwa Abdiwahab aje amchukue. Barua ya kumfukuza ilifika dukani siku ya pili yake, kwamba alidanganya kwenye fomu. Sasa amelazwa Machakos, wadi ile ile.

Mahad ameomba posa yake irudishwe. Hatukumlaumu. Alisema angeoa mgonjwa, ila hawezi kuoa nyumba nzima iliyomdanganya.

Nimesoma barua zako zote. Mwanzoni nilikasirika, nilidhani wewe ndiye uliyemletea maneno. Nilipofika ile ya Julai nikaona kwamba mtu wa pekee aliyemwambia aende hospitali ni wewe. Sisi tulikuwa tukipokea pesa zake na kumuuliza kama kazi ni njema.

Kama unaweza, nenda ukamwone. Mimi niko mbali, na mama hatoki nje siku hizi.

Kahin


Wadi ya kifua, Machakos,
21 Oktoba 2001

Dada Mbinya,

Ulikuja Jumatano na uji na ndizi, nikageuka ukutani. Sikuwa nimelala. Nilisikia ukimwuliza muuguzi kama nakula. Nilisikia viatu vyako mpaka vikaisha.

Sikuweza kukuangalia kwa sababu kuna kitu nilikuficha, na nilitaka kukiandika kabla hujaniona uso.

Siku ile niliona. Wewe ulipotoka, Bwana Wesley alikuwa na fomu yako. Akasoma akiteremsha kidole mpaka swali la tisa, kidole kikasimama. Akamwambia karani, "Huyu hapana. Hawa wa TB ni ukimwi tu umevaa koti." Barua ya daktari hakuisoma, aliing'oa ile pini akairudisha kwenye kikopo cha pini. Fomu yako akaitupa kwenye katoni chini ya meza. Zile za wengine zilikuwa zinakaa kwenye trei.

Halafu akaniangalia. "Nyinyi wawili mmekuja pamoja? Nimewaona mkigawana chapati getini."

Mbinya, nikasema, "Simjui. Aliniomba tu kipande nikampa." Na ile chapati ilikuwa yako. Ni wewe uliyenipa.

Akasema, "Basi kanawe mikono." Kulikuwa na bomba nje ya mlango. Nilienda nikanawa. Nilinawa vizuri, kwa sabuni, na karani akinitazama. Wewe ulikuwa umesimama pale kivulini ukiningoja, ukaniuliza mikono imechafuka na nini, nikakwambia wino.

Kila siku nilipokaa kwenye ile mashine nilijua ni mashine yako. Halafu nilipoanza kukohoa nikasema, haya, adhabu hii ni yangu.

Safari hii ni sindano kila siku miezi miwili, halafu vidonge. Daktari anasema ningekuja Mei ingekuwa rahisi. Pafu la kushoto limeharibika upande wa chini. Haliwezi kurudi kama zamani.

Nimeweka karatasi nyingine ndani ya bahasha hii. Nimeandika yote niliyoona, na jina langu kamili na kidole gumba, na muuguzi ametia sahihi kwamba nina akili zangu. Nimeandika pia kwamba mimi nilidanganya. Mpelekee mzee wa ofisi ya kazi. Sina tena wa kumficha.

Jumatano ukija nitakuwa nimegeukia upande wa mlango.

Habon


Kola,
9 Desemba 2001

Habon mwenzangu,

Yale ya chapati tulishayamaliza siku ile nilipokuja, sitayarudia kwenye karatasi. Nililia njiani nikirudi, halafu nikafika nyumbani nikala. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Leo naandika kwa sababu tangu upelekwe kwenu Kithyoko kumalizia dawa mambo yametokea, na ni mabaya.

Nilipeleka ile karatasi yako. Mzee aliisoma mara mbili. Akasema, "Sasa nina shahidi, lakini sina sheria. Hakuna mahali ninapojua panaposema mtu alazimishwe kumwandika kazi mtu mwingine." Lakini akasema atawaandikia, ili angalau wajue kuna mtu anaangalia. Niliona hiyo ni kitu. Nilitoka pale nikajinunulia soda, nikainywa nimesimama kama mtu aliyeshinda.

Kiwanda kilijibu haraka. Jibu lilisema wanashukuru kujulishwa kuhusu hatari iliyoko laini ya nne, na kwamba kwa kujali afya ya wafanyakazi watawapima wote. Wiki ya mwisho ya Novemba ikaja gari ya kupiga picha za kifua. Laini nzima ikapigwa, halafu ya tatu na ya tano. Wanawake watatu wametolewa. Kavata anasema hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa. Walishaugua zamani, wakapona kama mimi, na picha ikaonyesha makovu. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba ni makovu. Wawili ni wa kutoka Kinanie, labda ni wale niliokutana nao wakiingia. Wa tatu anaitwa Nthenya, wa upande wa mjini, na ana mtoto mchanga.

Nilirudi kwa mzee. Alikuwa na ile barua yao mezani. Akaniambia, "Mama, nilidhani nafunga mlango mmoja, kumbe nimewafungulia mwingine." Akaikunja akaiweka kwenye faili.

Nilitaka mtu mmoja ajue kwamba alikosea. Hicho tu. Nilifikiri ukisema kweli mahali panapostahili, mambo yatanyooka.

Niambie unakula.

Mbinya


Kithyoko,
13 Januari 2002

Dada Mbinya,

Nakula. Kahin ananipimia dawa kila asubuhi mbele ya kila mtu, mlangoni, na mlango wazi. Majirani wakiuliza ni dawa ya nini, anawaambia. Mama alijifungia siku mbili kwa aibu, siku ya tatu akatoka akaniletea maziwa. Wanawake wengine wameacha kuja kwetu. Mmoja alikuja jioni, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini dawa hizo zinatolewa wapi, maana ana mwanawe anakohoa. Nikamwambia.

Nikipanda ule mteremko wa sokoni napumzika mara tatu. Mashine siwezi tena, mguu ukikanyaga kwa muda pumzi inaisha. Nina miaka ishirini na sita.

Kuhusu wale wanawake, usijitwishe wewe peke yako. Karatasi ilikuwa yangu pia. Lakini sitakudanganya tena kwa kukufariji: nimewaza usiku na mchana, na naona tungekaa kimya wangekuwa bado kazini. Na naona pia tungekaa kimya Bwana Wesley angeendelea na katoni yake. Yote mawili ni kweli na sijui mtu anayabeba vipi pamoja. Ukijua, niandikie.

Habon


Kola,
17 Februari 2002

Habon,

Sijajua.

Nthenya alikuja hapa jana. Yule wa mtoto mchanga. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare, nikaona mwanamke amesimama kwenye ua, mtoto mgongoni, anauliza kama hapa ni kwa yule mshonaji aliyewahi kushtaki kiwanda. Amesikia kuna mtu kama huyo. Ametembea kutoka barabarani kwenye jua lile.

Mwaitu alimpa muthokoi wa mahindi na maharagwe, akaula wote. Alishaugua akiwa msichana, mwaka wa tisini na mbili, akapona, akasahau kabisa. Kwenye swali la tisa aliandika hapana, kwa sababu hata hakukumbuka kama hilo lilikuwa jambo la kuandika. Anataka kwenda ofisi ya kazi. Alinitolea karatasi na kalamu kwenye mfuko, akasema, "Dada, wewe unajua kuandika hizi barua. Nisaidie na mimi niandike."

Nilishika kalamu. Nikaandika tarehe na jina lake. Halafu nikaona siwezi kuendelea na yeye hajui.

Nikamwambia, "Ile gari ya picha ililetwa na barua yangu."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza tangu mwanzo, yote, na habari zako, na yale mzee wa ofisi aliyosema. Mtoto alikuwa analala kwenye mkeka. Mwaitu akatoka nje, nafikiri hakutaka kuona.

Alipomaliza kunisikiliza akauliza, "Ulijua watatupima?"

"Sikujua."

"Na kama ungejua, ungeandika?"

 Nilitafuta jibu lililo kweli, na alikuwa anangoja. Nikamwambia, "Sijui."

Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni polepole. Karatasi aliiacha mezani, na jina lake na tarehe kwa mwandiko wangu. Mlangoni akasimama. Alisema, bila hasira, kama mtu anayeuliza kwa nini hukufunga mbuzi, "Ungetuuliza kwanza."

Nilitaka kumwambia sikuwajua, ningewauliza vipi watu nisiowajua. Lakini alikuwa ameshafika kwenye mgomba, na nilihisi ningepiga kelele kuwafanya majirani wasikie, si kwa sababu yeye alihitaji kusikia.

Jumamosi naenda Kinanie kuwatafuta wale wawili. Kavata ameniambia wanakaa nyumba moja nyuma ya kanisa. Nataka niwaambie kwa mdomo wangu kabla hawajaambiwa na mtu mwingine. Mwaitu ameniuliza nikishawaambia nitafanya nini, nitakaa au nitaondoka. Nimemwambia nitakaa mpaka waniambie niondoke.

Mbinya